Vyombo vya Nyumbani Mbele ya Kamera: Funzo la Kalenga

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutumiwa aghalabu katika kupima tabia za watu, lakini yafaa pia katika kupima picha. Kwa muda mrefu picha zilizopigwa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania zilikuwa picha za nje ya mlango: milima na mito, maboma na majeshi, watawala waliosimama wima kama miti. Chungu, kibuyu, kinu, kigoda na ungo havikupigwa picha sana. Na vilipopigwa, mara nyingi vilikuwa vimekwisha kutolewa katika nyumba vilimofanyia kazi, vikapangwa juu ya meza ya mgeni.

Siku hizi simu yenye kamera imeingia hata vijijini, na mtu aweza kupiga picha ya mtungi wa bibi yake bila kutoka nyumbani. Akiiona picha ile haikupendeza, kwamba mtungi umekuwa doa jeusi tu ukutani, huuliza afanye nini ili picha iwe bora. Swali hili laonekana kuwa dogo, nalo huhesabiwa kuwa la mafundi. Lakini lina historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo yapita Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, mwendo wa kilometa 15 hivi kutoka mjini Iringa.

Kwanza yafaa kutazama jina la sanaa yenyewe. Katika karne ya 17 wachoraji wa Uholanzi walizoea kuchora mikate, bilauri, samaki, vitabu na mitungi iliyopangwa juu ya meza karibu na dirisha. Waholanzi waliziita picha hizo kwa neno lenye maana ya uhai uliotulia. Wafaransa, walipoipokea sanaa hiyo, waliipa jina lenye maana ya maumbile yaliyokufa. Majina hayo mawili yanabeba mawazo mawili yanayopingana. La kwanza lasema kwamba kitu kilicho mezani kimepumzika, na kesho kitainuliwa tena kifanye kazi. La pili lasema kwamba kitu hicho kimekwisha. Kila apigaye picha ya chombo, ajue asijue, huchagua mojawapo ya majina hayo.

Wachoraji wale walikuwa na desturi nyingine inayopasa kukumbukwa. Kati ya vitu walivyovichora mara kwa mara lilikuwamo fuvu la kichwa cha mtu, liwe ukumbusho wa mauti kwa mtazamaji. Fuvu hilo halikuwa na jina. Lilikuwa la kila mtu, na kwa hiyo halikuwa la mtu yeyote. Jambo hili litarudi mbele.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawakungoja kufundishwa na Ulaya kupanga vyombo ili vitazamwe. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate kuta za ndani zilichongwa zidaka, safu juu ya safu, na ndani yake zikawekwa sahani na bakuli za kaure kutoka Uchina. Nyumba zile zilikuwa na madirisha machache, na mwanga uliingia kutoka uani, ukapita ukumbi mmoja hadi mwingine, ukapungua kila ulipozidi kuingia ndani. Weupe wa chokaa uliuokota mwanga huo mdogo na kuurudisha juu ya kaure. Msomaji wa Al-Inkishafi atakumbuka kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha anguko la Pate, hakutosheka na kutaja watawala waliokufa. Alivitaja pia vidaka ambavyo zamani vilipambwa kwa vyombo na sasa vimekuwa viota vya ndege. Alijua kwamba chombo kikiondoka mahali pake, pengo lake hueleza habari kuliko maneno mengi.

Kamera ilipobuniwa, vyombo vya nyumbani vilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kusimama mbele yake. Sababu yake ni nyepesi: mabamba ya zamani yalihitaji mwanga wa dakika nyingi, na mtungi, tofauti na mtoto, hauchoki kukaa kimya. Mwaka 1837 Mfaransa Daguerre alipiga picha ya sanamu za plasta na vitu vingine vilivyopangwa katika chumba chake cha kazi. Mwingereza William Henry Fox Talbot alitoa kwa sehemu, kati ya miaka 1844 na 1846, kitabu kilichotiwa picha halisi, nacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake kuuzwa kwa umma. Ndani yake mna picha ya vyombo vya kaure juu ya rafu, na nyingine ya vyombo vya kioo. Mna pia picha ya mlango ulio wazi, na ufagio wa miti umeegemezwa kizingitini. Talbot aliieleza picha hii ya ufagio kwa kuwataja wachoraji wa Uholanzi, akatetea haki ya jicho kusimama juu ya jambo la kila siku.

Lakini maelezo yake juu ya picha ya kaure ndiyo yenye uzito zaidi. Talbot alisema kwamba mwenye vyombo vingi aweza kuvipiga picha vyote kwa muda mfupi kuliko ule wa kuviandika orodha. Tena mwizi akiviiba, picha hiyo yaweza kupelekwa mahakamani iwe shahidi asiye na sauti. Basi tangu utoto wake picha ya chombo cha nyumbani ilikuwa na kazi mbili, kupendeza na kushuhudia. Kupendeza kwahitaji mwanga mzuri. Kushuhudia kwahitaji zaidi ya hapo: mtu ajue chombo ni cha nani, kilikuwa wapi, na kilitumikaje. Picha ya Talbot ingeweza kuwa ushahidi kwa sababu kaure ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyeshika kamera.

Huko Kalenga mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 17 Agosti 1891, penye Lugalo, mashujaa wa Mtwa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski, na Zelewski mwenyewe akafa. Wahehe walitwaa silaha za adui, kama ilivyo desturi ya vita popote. Miaka mitatu baadaye Wajerumani walirudi na Gavana von Schele, wakaipiga ngome ya Kalenga kwa mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka. Mkwawa aliponyoka akaendelea kupigana porini kwa miaka karibu minne, hata tarehe 19 Julai 1898 akajiua kwa risasi ili asikamatwe hai. Askari wa Kijerumani walimkuta amekwisha kufa, wakamkata kichwa.

Habari hizi hufundishwa shuleni, na hufundishwa kwa haki kama habari za ushujaa. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba ngome iliyotekwa ilikuwa pia makao ya watu. Wahehe wa zama hizo waliishi katika matembe, nyumba ndefu za miti na udongo zenye paa tambarare la udongo, na ndani ya tembe mna mafiga, vyungu, vihenge vya nafaka, ngozi za kulalia na vigoda. Waandishi wa ushindi walipoandika walichokikuta Kalenga, kalamu zao zilifuata pembe za ndovu, bunduki na baruti, yaani vitu vyenye bei sokoni au vyenye kutisha vitani. Chungu hakina bei, wala hakitishi. Kwa hiyo katika siku moja nyumba nyingi zilitoweka pamoja na vyombo vyake, na hapakuwa na picha wala orodha.

Baadaye ukaja wakati wa kukusanya. Daktari wa jeshi Friedrich Fülleborn, aliyetumika katika nchi hii mwishoni mwa karne ya 19, alitoa mwaka 1906 kitabu kikubwa juu ya nchi za Nyasa na Ruvuma, pamoja na kitabu cha picha. Ernst Nigmann, ofisa wa jeshi aliyekaa Iringa, alitoa kitabu juu ya Wahehe mwaka 1908. Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita kusini mwaka 1906 na kamera, mtambo wa sinema na mtambo wa kunasa sauti. Haifai kuwadharau, pasipo kazi yao mengi ya zama hizo yasingejulikana leo. Lakini yapasa kutazama namna vyombo vilivyopigwa picha katika vitabu na makumbusho ya wakati ule. Viliwekwa juu ya kitambaa kisicho na rangi, mkuki kando ya kijiko, kijiko kando ya ngoma, kila kimoja na nambari yake. Vivuli vilipunguzwa hata chombo kikaonekana kuelea hewani. Chini yake likaandikwa jina la kabila. Jina la mfinyanzi halikuandikwa, wala la mpishi, wala la kijiji mara nyingine. Haya yalikuwa maumbile yaliyokufa kwa maana kamili ya neno lile la Kifaransa.

Madhara ya kutoandika majina yalionekana wazi katika habari ya kichwa cha Mkwawa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliiamuru Ujerumani ilirudishe fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Halikurudi. Katika miaka ya 1950 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen. Huko aliambiwa kuna mafuvu yapata 2,000, na kati yake 84 yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hapakuwa na karatasi ya kusema lipi ni la nani. Ikabidi kupima mafuvu na kulinganisha vipimo na vya jamaa za Mkwawa walio hai, kisha kutafuta lenye tundu la risasi. Lililochaguliwa lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, akakabidhiwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka utambuzi huo mpaka leo.

Shaka hiyo haikuzaliwa Kalenga. Ilizaliwa katika kabati la makumbusho ambamo kilichokuwa na jina kiliwekwa kama kisichokuwa nalo. Hapo ndipo fuvu la wachoraji wa Uholanzi linaporudi. Wao walichora fuvu lisilo na jina ili kila mtu ajikumbuke. Makumbusho ya Ulaya yaliyachukua mafuvu ya watu wenye majina, yakayafanya yasiwe na majina. Na watu wa Kalenga, walipolipokea fuvu lile, walilitendea kinyume chake: walilipa jina, nyumba na mahali pa kukaa. Mgeni afikapo leo katika makumbusho ya Kalenga hulikuta ndani ya kioo, pamoja na silaha za zama zile. Likiwa limetulia, haliwezi kuitwa kitu kilichokufa, maana jamaa zake wapo.

Funzo hili ndilo linalorudi kwa mtu mwenye simu na mtungi wa bibi yake. Kuboresha picha ya chombo ni kukirudishia kile alichokiondoa mkusanyaji: mwanga wake, mahali pake na jina lake. Ufundi wote wa picha za nyumbani waweza kuelezwa chini ya mambo hayo matatu.

Mwanga kwanza. Mwaka 1935, jumba la sanaa la kisasa mjini New York lilipofanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika, mpiga picha Walker Evans alipewa kazi ya kupiga picha karibu 500 za vitu vilivyoonyeshwa. Bamba likiwa wazi, alizisogeza taa huku na huko ili vivuli vifutike. Picha zake zasifiwa kwa usafi, na ni haki. Lakini kivuli ndicho kinachomwambia mtazamaji kwamba chombo kimekaa mahali fulani, saa fulani. Mtu apigaye picha nyumbani hana sababu ya kukiogopa. Flashi ya simu ni mbaya kwa sababu hiyo hiyo: hutoka palepale lilipo jicho, ikakipiga chombo usoni, ikafuta mviringo wake, kisha ikatupa kivuli kikali ukutani nyuma yake. Chombo cha mviringo huonekana cha mviringo pale tu mwanga unapotoka ubavuni.

Tembe la kale lilikuwa na mwanga wa namna hiyo bila kuutafuta. Mlango ulikuwa mmoja, na mwanga uliingia kwa upande, laini, ukifa polepole kuelekea ndani. Nyumba za matofali za siku hizi zina madirisha, na vitabu vya Ulaya humshauri mpiga picha achague dirisha la kaskazini, ambalo huko halipigwi na jua moja kwa moja. Anayefuata shauri hilo Kalenga atapotea. Kalenga ipo karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzo wa Machi hata katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na dirisha lenye mwanga mtulivu ni la kusini. Tangu katikati ya Oktoba hata mwisho wa Februari jua huhamia kusini, na dirisha la kaskazini ndilo linalofaa. Mama wa nyumba aliyezoea kuanika na kuanua analijua jambo hili bila kitabu. Ubavu wa chombo ulio mbali na dirisha ukiwa giza mno, shuka jeupe likitandazwa kwenye kiti upande huo hurudisha mwanga kidogo, kama chokaa ya zidaka ilivyofanya Lamu. Na kwa kuwa mwanga wa ndani ni mchache, simu haipasi kushikwa kwa mkono unaotikisika. Iegemezwe juu ya kigoda, na saa yake ya kuchelewesha itumike ili kidole kisiitikise.

Kuna tatizo moja la mwanga lenye historia yake. Vyombo vingi vya Nyanda za Juu ni vyeusi au vya kahawia iliyokoza: chungu chenye masizi, kinu kilichong'aa kwa mikono, kibuyu kilichokaa moshini. Filamu za rangi za katikati ya karne ya 20 hazikutengenezwa kwa ajili ya weusi. Kipimo cha rangi kilichotumwa kwa wasafishaji wa picha kilikuwa picha ya mwanamke mweupe, na watu weusi walipopigwa picha nyuso zao zilipotea gizani. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, katika makala aliyoitoa mwaka 2009, alieleza kwamba kampuni ya Kodak ilianza kuzitengeneza upya filamu zake zishike rangi za kahawia baada ya kusikia malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Yaani kabati na pipi vilisikilizwa kabla ya watu. Habari hiyo yauma. Hata hivyo yaonyesha kwamba ubora wa picha si jambo la maumbile tu. Kuna mtu huamua ni nini kistahilicho kuonekana vema, na uamuzi huo huingizwa ndani ya mtambo.

Kamera ya simu nayo ina uamuzi wake. Imefundishwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kina mwanga wa wastani. Chungu cheusi kikijaza picha, simu huongeza mwanga hata chungu kikawa kijivu kama jivu. Chungu hicho hicho kikisimama mbele ya ukuta mweupe, simu hupunguza mwanga kwa ajili ya ukuta, na chungu kikawa shimo. Dawa ni kuigusa sehemu ya chungu kwenye kioo cha simu ili ipime hapo, kisha kupunguza au kuongeza mwanga kwa mkono mpaka masizi yaonekane meusi na bado nyufa zake zisomeke. Ukuta wa udongo au mkeka uliochakaa ni usuli mwema kuliko shuka jeupe, kwa kuwa haushindani na chombo. Na yafaa kurudi nyuma hatua mbili, kisha kuvuta picha kidogo. Simu ikisogezwa karibu mno huvimbisha mdomo wa mtungi na kuupunguza mguu wake, na mfinyanzi akiiona picha hiyo atasema kwamba si kazi yake.

Jambo la pili ni mahali. Mtu anayetaka kupiga picha nzuri huanza kwa kuosha. Vumbi la safari na utando wa buibui na vifutwe. Lakini masizi ya chungu si uchafu, ni maandishi. Yaonyesha chungu kiliketi vipi juu ya mafiga na moto ulipanda hadi wapi. Mchi uliolika upande mmoja waeleza urefu wa aliyeutumia. Chombo kilichosuguliwa hata kikang'aa kama cha duka kimefutiwa ushahidi wake. Vilevile vyombo visipangwe kwa urefu wala kwa rangi, kama askari kwenye gwaride. Vipangwe kwa kazi. Chungu hujuana na mwiko na mafiga. Kinu hujuana na mchi na ungo. Kikombe cha mwanzi hujuana na ulanzi, pombe ya mianzi ambayo Iringa yote yaijua. Kikapu cha milulu hujuana na kilichomo ndani yake. Vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa na wanawake wa kando ya Ziwa Nyasa na kuuzwa hata masoko ya mbali na ziwa, vimesafiri. Basi picha yake iliyopigwa sokoni yaweza kusema kweli kuliko ile iliyopigwa chini ya mti uliochaguliwa kwa uzuri wake. Vitu viwili au vitatu vyatosha. Vikizidi, jicho halijui liketi wapi.

Hapa mtu aweza kuuliza: je, kazi hii si kulilia mambo yaliyopita? Siku hizi maji huchotwa kwa ndoo ya plastiki, na ugali husongwa katika sufuria. Jibu ni kwamba ndoo na sufuria zastahili picha pia. Kaure ya Talbot haikuwa kitu cha kale siku alipoipiga picha, bali vyombo vya nyumba ya siku zile. Laiti mtu wa Kalenga angalivipiga picha vyombo vyake mwaka 1893, angalipiga vile vya kawaida kabisa, na leo vingalikuwa hazina. Ndoo iliyozibwa ufa kwa plastiki iliyoyeyushwa, na sufuria iliyopindwa sikio, ni ushahidi wa miaka hii. Anayengoja chombo kizeeke ndipo akipige picha anafanya kosa la mkusanyaji kwa njia nyingine.

Jambo la tatu ni jina, na ndilo linalosahaulika zaidi, kwa kuwa halionekani katika picha. Picha iliyo bora kwa mwanga na mahali, lakini haina maneno, itakuwa baada ya miaka 50 kama fuvu moja kati ya 84. Maneno yake si mengi: chombo kinaitwaje kwa Kihehe na kwa Kiswahili, nani alikitengeneza, nani alikitumia na kwa kazi gani, kilipigwa picha wapi, na tarehe ngapi. Picha ya pili ya chombo hicho hicho, yenye rula kando yake, yafaa kuwekwa pamoja na ya kwanza, maana macho hayajui ukubwa. Wazee wanaojua majina ya sehemu za chombo waulizwe wangali wapo, na maneno yao yaandikwe kama walivyoyatamka, yasisahihishwe. Tena si kila kitu cha nyumbani kinataka kutazamwa na wageni. Kama kuna chombo cha tambiko au cha mazishi, mwenyewe akisema kisipigwe picha, neno lake ni sehemu ya historia ya chombo hicho, nalo laweza kuandikwa badala ya picha.

Mwaka 2016 boma la Wajerumani mjini Iringa lilifunguliwa likiwa makumbusho, na vitu vya maisha ya watu wa nyanda hizi vikawekwa ndani ya jengo la waliowashinda. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini makumbusho, hata yakiwa mema, yaweza kupokea chungu kimoja tu kati ya elfu. Vilivyobaki vimo majumbani, navyo havina mlinzi ila wenyewe. Hakuna gavana atakayesafiri kwenda kuvitafuta vikipotea, wala hakuna mkataba utakaovitaja katika kifungu chake.

Ufagio wa Talbot umeegemea mlangoni tangu mwaka 1844, na kila autazamaye huona kwamba kuna mtu aliyeuweka pale, ambaye atarudi kuuchukua. Kila asubuhi huko Kalenga ufagio huegemezwa mlangoni baada ya uwanja kufagiliwa, na mwanga huingia kwa upande kama ulivyoingia katika matembe. Aliyeuegemeza yupo ndani, na jina lake lajulikana. Mwenye simu hana budi kumwita kwanza, amwombe ruhusa, aliandike jina lake, ndipo apige picha.